Kapasita ya Ndoano

Wivu hauna adabu, na akili pia hauna. Ukimwingia mtu mpumbavu utasema ni upumbavu wake. Lakini ukimwingia fundi, tena fundi wa sifa kama huyu ninayewaambia, hapo ndipo mtakapokubali kuwa ni ugonjwa kama magonjwa mengine, ila dawa yake haiuzwi dukani.

Mtaani walimwita Ndoano. Alitengeneza redio, feni, spika na kila kitu chenye waya, kwenye kibanda alichokiegemeza kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yake. Na kila kifaa alichokifunga kwenye bodi, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, alikipitisha miguu kwenye matundu, kisha akaikunja miguu ile kwa koleo hadi ikarudi nyuma kama ndoano, ndipo akailehemu kwa risasi. Hakuna fundi mwingine pale aliyefanya hivyo. Inachosha, inakula muda, na siku kifaa kikiharibika, kukitoa ni vita. Ukimuuliza atakwambia, "Fundi asiyekunja hajafunga, ameegesha." Mzee aliyemfundisha kazi ndivyo alivyomfundisha, naye akaishika kanuni ile kama watu wanavyoshika dini. Wateja wakacheka, wakampa jina, na yeye akalipenda.

Mkewe alikuwa mshonaji kwenye karakana ya sare za shule, mahali ambapo msimamizi anakufuata kwa macho hata ukienda chooni. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Basi shangazi yake, mfugaji wa kuku wa mbegu nzuri, akamwambia, "Mwanangu, nitakupa mayai ya kujaribia. Ukiyaangua vizuri, mayai yangu yote utaangua wewe, na hiyo karakana utaiaga. Yakiharibika, usinilaumu, nitatafuta mtu mwingine." Mama yule hakuwa mtu wa maneno mawili. Huo ndio mlango pekee mke wa Ndoano aliouona mbele yake, na ufunguo wake ulikuwa mashine ya kuangulia.

Mashine mke akaiunda mwenyewe. Alichukua friji bovu lililokuwa uani, akatia balbu za kupasha joto, akatia trei zinazoinama huku na huku, na chini akafunga mota ya waipa za gari ili iziinamishe. Maana yai, kwa msiojua, halitaki kulalia ubavu mmoja. Kuku mwenyewe huligeuza kwa mdomo kutwa kucha, na lisipogeuzwa kifaranga hugandia kwenye ganda na kufia humo humo. Kuku kapewa akili hiyo bure. Mashine lazima utengenezee saa ya kuiamsha.

Saa yenyewe ni bodi ndogo ya kutosha kiganjani. Juu yake kuna kadude keusi ka miguu minane, na pembeni kuna kapasita. Chukulia kapasita ni ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalodondosha tone baada ya tone. Ndoo ikijaa, kale kadude keusi kanashtuka, swichi inalia ta, mota inazunguka, trei zinainama. Kisha ndoo inamwagwa, matone yanaanza upya. Ni kitu rahisi ukikielewa, na kitu cha kukutoa machozi usipokielewa.

Mke wa Ndoano kilimtoa machozi. Bodi yake ya kwanza, mota ikishaanza kuzunguka haikujua kuacha. Akampelekea mumewe, na angempelekea nani mwingine? Alikuja nayo kibandani, akashika chuma cha kulehemu, akaanza kuuliza, "Hivi nikiunganisha hapa..."

Ndoano hakungoja swali liishe. Alimpokonya chuma. "Lete hapa, utaunguza nyumba."

"Nataka unionyeshe tu."

"Wewe unataka vifaranga au unataka mtihani? Niachie, nitakutengenezea."

Bodi ikawekwa kwenye rafu, juu ya redio za wateja. Ikakaa. Vumbi likaishukia. Kila akiulizia anaambiwa kesho, na kesho ya fundi mnaijua. Kinyozi hajinyoi. Siku moja bodi ikawa haipo tena kwenye rafu, na Ndoano hata hakugundua.

Aligundua siku alipoinua macho kutoka kwenye feni ya mtu, akamwona mkewe ng'ambo ya barabara, kwa Miwani.

Miwani alikuwa fundi wa simu. Mtu wa makamo, mpole, aliyefiwa na mke miaka ya nyuma, na kutwa nzima alivaa kwenye paji la uso kioo cha kukuzia vitu vidogo, ndiyo maana wakamwita hivyo. Hakuwa na ugomvi na mtu. Sasa mke wa Ndoano alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya kibanda chake, vichwa viwili vimeinamia meza moja, na mara akacheka. Kicheko kile Ndoano alikijua. Alikisikia zamani, enzi za uchumba, akadhani kilikwisha kama vitu vingine vinavyokwisha. Kumbe kilikuwepo. Kilikuwa kinapelekwa kwingine tu.

Dada yake Ndoano alikuwa amekuja kuchukua pasi yake. Akatazama ng'ambo, kisha akamtazama kaka yake.

"Kaka, kwani kwako meza hakuna?"

"Ipo."

"Na fundi?"

"Dada, pasi yako hiyo hapo."

"Mimi sisemi kitu," dada akasema, akaichukua pasi. Na mtu akikwambia hasemi kitu, ujue keshasema.

Tangu siku hiyo Ndoano akawa hana raha. Feni anaifunga kinyumenyume, redio anairudisha ikiwa na skrubu zilizozidi. Akanunua kioo kama cha Miwani, akakivaa asubuhi hadi jioni, akajikwaa nacho kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe, wakamcheka hadi watoto wa shule. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hauendi chini wala haurudi. Mkewe akichelewa kurudi, anapekua sababu. Akiwahi, anajiuliza kawahi nini.

Jioni moja wakiwa mezani akashindwa kujizuia. "Hivi unafanya nini kwa yule?"

"Najifunza."

"Kwangu hujifunzi?"

"Kwako nangoja," mkewe akasema, akammiminia chai.

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angekuwa mkali wangegombana, na mke na mume wakigombana hupatana. Alilisema kama mtu anayesema leo mawingu.

Haikupita wiki, mashine ikafanya kazi. Mkewe alirudi na bodi, akaifunga kwa skrubu kwenye kipande cha ubao ubavuni mwa friji, wakasikia ta, mota ikanguruma, trei zikainama polepole kama kitu chenye akili zake. Alipiga makofi peke yake. Shangazi akaleta mayai, makubwa, ya rangi ya maziwa ya chai, wakayapanga. Mke wa Ndoano alikaa mbele ya mlango wa friji akiwa na furaha ambayo mumewe hakuwa ameiona usoni pake siku nyingi.

"Miwani ni mvumilivu kweli," akasema. "Ingekuwa mimi ningeshanifukuza."

Mvumilivu. Neno hilo Ndoano alilala nalo, akaamka nalo.

Asubuhi yake, mkewe alipokwenda karakana, Ndoano alifunga kibanda akaingia ndani. Alijiambia anakwenda kukagua tu. Mume ana haki ya kukagua kitu kinachokula umeme wa nyumba yake, au siyo? Akafungua skrubu, akaigeuza bodi chini juu, akavuta kile kioo chake kipya usoni, akatafuta kosa la Miwani. Kiungo kilichopoa vibaya. Risasi iliyomwagika. Chochote.

Hakuna. Ilikuwa kazi safi. Kila kiungo kiling'aa, kidogo, cha mviringo, kimekaa mahali pake, miguu imenyooka na kukatwa sawasawa. Hakukuwa na ndoano hata moja, lakini hata yeye, mwenye kiburi chake chote, alijua kwamba yupo mbele ya mkono wa mtu anayeipenda kazi. Na hapo ndipo wivu ulipompanda kichwani. Aliona mkono wa mwanamume mwingine umo ndani ya nyumba yake, hatua chache kutoka kitandani kwake, tena umo safi kuliko wake. Roho ilimuuma hadi akakaa chini sakafuni.

Angerudisha skrubu akaenda zake, nisingekuwa na hadithi. Alikwenda kibandani, akavuta kopo la vitu vibovu, akachagua kapasita iliyochoka. Rangi ileile, ukubwa uleule, namba zilezile. Akaipima. Ilikuwa inavuja ndani kwa ndani, ndoo yenye tundu, haiwezi kujaa hata ungoje mwaka. Ndiyo aliyoitaka. Mpango wake ulikuwa mfupi: saa itagoma leo, mkewe ataona fundi wake mvumilivu ni kanjanja, jioni atakuja kwa mumewe kwa unyenyekevu, na mumewe ataitengeneza kabla chai haijapoa. Mayai hayatadhurika. Saa chache tu, yai litajua nini?

Akaitoa kapasita nzima, akatia mbovu. Na mnajua alifanyaje? Aliikunja miguu yake. Akaikunja vizuri, mmoja huku, mwingine huku, akaibana kwa koleo, akailehemu kwa risasi ya kutosha, kisha akachukua mswaki mkuukuu na spiriti akasugua mahali pale hadi pakatakata. Hakufikiri. Mkono ulijiendea wenyewe njia uliyoizoea. Mmewahi kumwona mwizi anayefagia nyumba aliyoiba? Basi huyo.

Jioni mkewe alirudi, akasimama mbele ya mashine, akasikiliza. Ndoano kibandani alikuwa akipiga mluzi, sikio liko ndani. Alisubiri kuitwa. Aliunda hadi sura atakayoivaa, ya mtu mwenye shughuli nyingi anayekubali kusaidia kwa huruma.

Hakuitwa. Alipoingia alimkuta mkewe amefungua mlango wa friji, kashika penseli, anachora alama kwenye kila yai upande mmoja, na akimaliza kuchora analigeuza kwa mkono.

"Kuna nini?" akauliza, kama asiyejua.

"Saa imegoma. Nitageuza kwa mkono mpaka nijue inaumwa nini."

"Hm," Ndoano akasema, akangoja sentensi ya pili. Haikuja. Basi naye akafanya kosa juu ya kosa. "Si una fundi wako?"

Mkewe alimtazama kidogo, akarudi kwenye mayai yake.

Kuanzia hapo yule mama akawa mtu wa kukimbia. Karakana ilitoa mapumziko mafupi mchana, watu wapate kula na kupumzisha mgongo. Yeye aliyatumia kukimbia nyumbani kugeuza mayai, na kukimbia kurudi kabla msimamizi hajampa barua ya onyo. Alipita mbele ya kibanda cha mumewe akihema, jasho linamtiririka, kitambaa kimeanguka mabegani, na hakusimama kusema nigeuzie wewe uliyekaa hapa kutwa. Ndoano aliona kila mara. Angeweza kumwambia, "Mama, kaa, nitageuza." Maneno matatu tu. Yalifika mdomoni, wivu ukayasukuma ndani. Aombe yeye, akajisemea. Akiomba tu, nitafanya. Mtu anaweza kufa na kiu akingoja maji yamwombe ayanywe.

Na jioni, badala ya kuomba, mkewe aliweka ubao ule na bodi yake kwenye meza ya jikoni, akaazima mita ya mumewe, ile ya sindano, akaanza kuutafuta ugonjwa hatua kwa hatua. Umeme unafika? Unafika. Swichi inalia ukiichokoza? Inalia. Kadude keusi? Akachomoa, akachomeka kapya, hali ileile. Ndoano alijilaza chumbani mlango wazi, anasikia kila kitu, na lazima niseme ukweli, alikuwa anapata hofu. Maana huyu hakubahatisha. Alikuwa anafunga mlango mmoja baada ya mwingine, na mwishoni utabaki mmoja.

Ijumaa ukabaki mmoja. Alizishika ncha za mita kwenye kapasita akaitazama sindano. Ikapanda. Ikapanda. Ikafika katikati ikakwama, kama mtu aliyesahau alichofuata. Akangoja. Haikurudi chini, kama inavyorudi kwenye kapasita nzima.

"Inavuja," akasema peke yake, kwa sauti ya kawaida. "Lakini ilikuwa mpya."

Jumamosi karakana hufunga mchana. Ndoano alikuwa amekaa kibandani akijua kwamba leo ataombwa tu, kwa sababu chuma cha kulehemu cha nyumba ile kilikuwa kimoja, nacho kiko mezani pake. Akamwona mkewe akija barabarani. Akaingia ndani, akageuza mayai, akatoka na bodi mkononi. Ndoano akajiweka sawa. Mkewe akampita. Akavuka barabara, akaingia kwa Miwani.

Hapo wivu ulivunja komeo. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, koleo bado liko mkononi, mwenye baiskeli akamtukana hakusikia. Akasimama mlangoni kwa Miwani.

"Bwana Miwani," akasema, "huyu ni mke wa fundi. Unalijua hilo?"

Miwani aliinua kichwa taratibu. Alikuwa ameshika taa ya mezani, ameinamisha shingo yake ili mwanga uangukie kwenye bodi. "Karibu, kaka. Nalijua. Ndiyo sababu mimi sigusi."

"Hugusi nini?"

"Sigusi kitu. Shemeji alipokuja na hii bodi mara ya kwanza, alinikataza. Aliniambia akinipa nitamtengenezea, na akitengenezewa hatajua. Basi namwazima kioo na meza, mimi nashika taa. Yeye ndiye aliyegundua kuwa mota haikuacha kwa sababu amesahau diodi pale kwenye swichi. Alilehemu vibaya, akatoa, akalehemu tena, akatoa tena. Kila akiunguza kidole anacheka. Mpaka mkono ukatulia." Miwani akatikisa kichwa. "Sasa hivi analehemu kunishinda. Nilitaka siku moja nije nikupongeze kwa kuwa na mke hivi, lakini nilikuona huna sura ya kupongezwa."

Ndoano akakumbuka. Vile viungo vinavyong'aa. Ile risasi ya mviringo. Ule mkono uliomfanya akae chini sakafuni kwa uchungu. Haukuwa wa Miwani. Alikuwa amemwonea kijicho mke wake mwenyewe, na alichokiharibu hakikuwa kazi ya mwanamume yeyote.

"Umekuja wakati mzuri," mkewe akasema. Hakuwa amegeuka bado. "Kuna kapasita hapa imenishinda kutoa. Nimeipasha moto mbele na nyuma, haitoki."

Ndipo akaigeuza bodi, akaisogeza chini ya taa. Kwenye viungo vyote vile vilivyonyooka, viwili vilikuwa vimekunjwa, kimoja huku, kingine huku, safi, vimesuguliwa kwa spiriti.

Miwani alivuta kioo machoni, akaangalia. Akamwangalia Ndoano. Akakipandisha kioo taratibu pajini. "Nakwenda kununua sigara," akasema, na mtaa mzima unajua Miwani havuti.

Walipobaki wawili, mkewe alisema, "Miaka yote nimekaa nyuma yako nikikutazama ukikunja. Hata nikiwa kipofu ningeijua kwa kidole."

Ndoano akaliweka koleo mezani.

"Wewe uliyefunga ndiye utakayefungua," mkewe akasema, akampa chuma cha kulehemu. "Mimi nitaharibu bodi yangu."

Ndoano akakaa kwenye kiti. Alipasha moto, akanyonya risasi kwa pampu ndogo, akajaribu kuinyoosha ile miguu kwa ncha ya koleo. Alikuwa ameifunga kwa uwezo wake wote, na sasa uwezo wake wote ulikuwa unapambana na yeye mwenyewe. Mguu wa kwanza ulikubali. Wa pili ulipotoka ulitoka na kipande cha njia ya shaba ya bodi, kimebanduka kama ngozi ya kidonda. Alikiona kimening'inia kwenye ndoano yake.

"Nitaunga," akasema. "Nitaweka waya mwembamba, halafu nitatia mpya, nitaifunga vizuri ka..."

Mkewe alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu. Ndoano alikitazama kiganja kile, chenye alama ndogondogo za kuungua ambazo aliishi nazo nyumba moja asizione. Akaweka chuma cha kulehemu ndani yake.

Mkewe akachuna uzi mmoja wa waya, akaunga palipobanduka. Akachukua kapasita mpya, akapitisha miguu, akailehemu ikiwa imenyooka. Ndoano alishika taa. Alijizuia, wallahi alijizuia, lakini ugonjwa wa miaka hauponi kwa siku moja.

"Hukunji?"

"Sikunji. Siku ikiharibika, itoke bila kuumiza bodi."

Wakavuka barabara pamoja, mke mbele, mume nyuma. Jumatatu, mchana, mke wa Ndoano hakukimbia kuja nyumbani, maana saa ilikuwa ikilia ta kwa wakati wake, na ndani ya nyumba palikuwa na mtu ambaye kila ikilia aliacha kazi za watu akaenda kuhakikisha trei zimeinama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wala hakuna aliyemshukuru.

Siku ya kuangua shangazi alikuja mapema, akavuta kiti mbele ya friji. Yai moja lilitoboka, likafuata jingine, mara friji zima likajaa sauti nyembamba za ugomvi. Shangazi alivihesabu vifaranga kwa kidole, midomo ikichezacheza, kisha akasema, "Nitakuletea mengine wiki ijayo. Hao wa karakana waambie kwaheri." Mpwa wake alikaa sakafuni akalia kidogo, akafuta uso kwa kanga, akacheka kile kicheko.

Lakini kwenye trei ya chini mayai machache yalibaki kimya. Mke wa Ndoano aliyaweka sikioni moja moja, akayapanga pembeni. Shangazi akasema hata kuku mwenyewe hapati yote, kuangua yote ni uongo, kwa mashine na kwa kuku pia. Huenda ni kweli. Huenda yangekufa hata kapasita ingebaki ileile. Ndoano alikuwa amesimama mlangoni, na shangazi alipotoka uani kunawa mikono, akasema lile alilolibeba siku zote hizo.

"Nilikuwa na wivu."

"Najua," mkewe akasema. "Mtaa mzima ulijua. Ni mayai tu ndiyo hayakujua."

Akayakusanya yale yaliyokaa kimya, akayaweka kwenye viganja vya mumewe, akamwambia akayafukie nyuma ya nyumba. Ndoano akatoka nayo ameyakumbatia kifuani, anatembea kwa uangalifu asiyadondoshe. Yalikuwa bado na joto.